Njia ya faili peke yake si ushahidi

Vyama vya msingi vya huku Mtwara vimeanza kupiga picha stakabadhi za korosho. Picha inawekwa kwenye folda, kanzidata inaandikiwa njia ya faili tu, yaani maandishi yanayoonyesha picha imewekwa wapi. Mpango huo naukubali. Utafiti wa Microsoft wa 2006 uliona kwamba mafaili yasiyofika kilobaiti 256 hukaa vizuri ndani ya kanzidata, ila yakizidi megabaiti 1 ni afadhali yabaki kwenye diski, na picha za simu karibu zote zinazidi hapo.

Ninachokipinga ni ile njia inavyoandikwa. Nimeona jedwali la chama kimoja ambalo kila mstari unaanza na D:\Picha\Msimu2021\. Kompyuta ikabadilishwa, na herufi ya diski, D, ikawa E. Mzee mmoja akaja kulalamikia kilo zake zilizopungua, akaambiwa stakabadhi haionekani. Picha ilikuwepo, diski ni ile ile! Mtu mzima akarudi kijijini mikono mitupu kwa sababu ya herufi moja.

Oracle, watengenezaji wa programu za kanzidata, walishaliona hili: BFILE yao, aina ya safu inayoelekeza kwenye faili lililoko nje, hutunza jina la saraka (folda) na jina la faili, na mahali saraka ilipo hutajwa mara moja tu. Hata kwenye kanzidata nyingine kama MySQL au PostgreSQL unaweza kufanya hivyo. Mzizi wa njia, yaani sehemu ya mwanzo kama D:\Picha\, ukae kwenye mipangilio ya programu. Jedwalini weka kipande kinachobaki, ukubwa wa faili, na alama ya SHA-256, yaani herufi 64 zinazokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe. Mtu akibadilisha picha kimyakimya, alama hazitalingana.

Kisha kuna suala la utaratibu, na umeme wetu huu unakatika wakati wowote. ROLLBACK, amri ya kanzidata ya kutengua mabadiliko yasiyokamilika, haigusi faili lililoko nje. Kwa hiyo hifadhi faili kwanza, ndipo uandike mstari. Wakati wa kufuta, anza na mstari, faili lifuate baadaye. Mambo yakikwama katikati utabaki na faili yatima, lisilo na mstari, na hilo linafutika. Mstari usio na faili ni haki ya mkulima iliyopotea. Kwa sababu hiyo hiyo, nakala rudufu nayo ianze na kanzidata, folda ifuate.

Minada ya korosho kwa kawaida huanza Oktoba. Kabla ya hapo, anayetunza mfumo wa chama atoe orodha ya kila mstari ambao faili lake halipo au alama yake hailingani, na bodi iisome kwenye kikao.