Kibaki na vyama vyake vinne: mbunge kwa miaka 50 na kifungu cha 40

Mwai Kibaki, rais wa tatu wa Kenya, alishinda kiti cha ubunge mara 10. Mbili za kwanza, 1963 na 1969, zilikuwa Nairobi, katika eneo lililoitwa Doonholm na baadaye Bahati. Nane zilizofuata, kuanzia 1974 hadi 2007, zilikuwa nyumbani Othaya, Nyeri. Hakuna Mkenya mwingine aliyekaa bungeni miaka 50 bila kukatika. Hata hivyo jina lake likitajwa kwenye mjadala wa siasa, neno linalotangulia ni woga, na linalofuata ni kigeugeu. Husemwa kwamba alingoja wenzake wapigwe na kufungwa ndipo atoke KANU, chama kilichotawala tangu uhuru, na kwamba baada ya hapo vyama vilikuwa kwake kama gari la matatu: akifika kituo, anashuka.

Shutuma hizo zina msingi. Juni 1982, Charles Njonjo alipowasilisha bungeni marekebisho ya katiba yaliyoifanya KANU kuwa chama pekee, aliyeunga mkono hoja hiyo alikuwa Kibaki, wakati huo Makamu wa Rais. Kifungu cha 2A kiliingia katiba kwa sauti yake. Mwaka wa 1991, wakati vuguvugu la vyama vingi lilikuwa limeshapamba moto, alisema kuing'oa KANU ni kama kukata mti wa mugumo kwa wembe. Mwaka huohuo, siku ya Krismasi, alijiuzulu uwaziri wa Afya na kuanzisha Democratic Party, DP, akiwa na John Keen. Kifungu cha 2A kilikuwa kimefutwa wiki mbili tu kabla. Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wamewekwa kizuizini Julai 1990 kwa kudai jambo hilohilo, na Matiba alitoka humo akiwa amevunjika afya. Anayesema Kibaki alikuta mlango umeshafunguliwa na damu ya wengine hasemi uongo.

Lakini hesabu hiyo huacha nje kitu kimoja ambacho kila mbunge wa enzi ile alikijua kama anavyojua njia ya kwao: kiti hakikuwa chake, kilikuwa cha chama.

Sheria hiyo ilitungwa kwa haraka Aprili 1966. Jaramogi Oginga Odinga alikuwa amejiuzulu umakamu wa rais na kuelekea KPU, chama kipya cha upinzani, pamoja na wabunge na maseneta wapatao 30. Serikali ikapitisha marekebisho ya katiba yaliyosema kwamba mbunge anayekihama chama kilichomdhamini hupoteza kiti na kurudi kwa wapiga kura. Uchaguzi mdogo ukafanyika Juni, na waliorudi kwa tiketi ya KPU walikuwa 9 tu. Mwaka wa 1969 KPU ikapigwa marufuku. Kanuni hiyo baadaye ilijulikana kama kifungu cha 40 cha katiba ya zamani, na ilidumu kupita vyama vyote vilivyoitumia.

Baada ya 1982 kanuni hiyo ilizidi kukaza, kwa sababu sasa hapakuwa na chama kingine cha kwenda. Mgombea alilazimika kuwa mwanachama wa KANU. Akifukuzwa chamani anapoteza kiti, na akikipoteza hawezi hata kugombea uchaguzi mdogo wa kukirudisha. Desemba 1988 Matiba alijiuzulu uwaziri akipinga wizi wa kura katika chaguzi za chama. KANU ikamfukuza, na kiti chake cha Kiharu kikatangazwa wazi. Aliyebaki ndani na kusema sana naye aliona yake: Oktoba 1975 Martin Shikuku na Naibu Spika Jean-Marie Seroney walikamatwa katika majengo ya Bunge kwa sababu ya maneno yaliyosemwa ukumbini kwamba KANU imekufa.

Kibaki mwenyewe alikuwa amewekwa kando polepole. Baada ya uchaguzi wa mlolongo wa Machi 1988, ule ambao mgombea aliyepata asilimia 70 kwenye foleni ya mchujo alihesabiwa amepita bila kupingwa, alivuliwa umakamu wa rais na kupelekwa Wizara ya Afya. Nafasi yake ikachukuliwa na Josephat Karanja. Mtu aliyeshika Hazina miaka ya sabini yote alikuwa sasa akihesabu vitanda vya hospitali. Alivumilia. Unaweza kumlaumu kwa kuvumilia, na mimi namlaumu kwa 1982, maana kuunga mkono hoja ile hakukulazimishwa na kifungu chochote. Lakini miaka mitatu ya 1988 hadi 1991 ni suala jingine. Chaguo lake lilikuwa kubaki bungeni akiwa kimya, au kutoka bungeni kabisa na kusema. Matiba alichagua la pili na historia imempa heshima anayostahili. Kuchagua la kwanza si ukigeugeu. Kigeugeu huhama, na Kibaki kosa lake lilikuwa kutohama.

Shutuma inayorudiwa zaidi ni ya kura za 1992, na ndiyo inayopotosha zaidi. Tarakimu zenyewe: Rais Daniel arap Moi wa KANU asilimia 36, Matiba wa FORD-Asili 26, Kibaki wa DP 19, Jaramogi wa FORD-Kenya 17, kwa kukadiria. Ukijumlisha hao watatu unapata kama asilimia 63. Miaka 10 baadaye, Kibaki akiwa mgombea wa muungano wa upinzani, alipata asilimia 62. Wanaomlaumu huziweka tarakimu hizi mbili sambamba na kusema: tazameni, ushindi wa 2002 ulikuwepo tayari 1992, na aliyeukatakata ni yeye aliyekuja na chama chake pembeni.

Tazama kwanza tarehe. DP ilitangazwa mwisho wa Desemba 1991. Wakati huo FORD, chama kikuu cha upinzani, ilikuwa moja, ikiwa na Jaramogi, Matiba, Shikuku na wengine ndani yake. Ilipasuka vipande viwili Agosti 1992, miezi minane baadaye, kwa ugomvi wake yenyewe juu ya jinsi ya kumchagua mgombea: wajumbe wapige kura, au wanachama wote. DP haikuhusika. Ukiondoa asilimia 19 za Kibaki kwenye hesabu, vipande viwili vya FORD peke yake vinatoa asilimia 43 na ushei, zaidi ya Moi. Kwa hiyo kama kuna mpasuko uliomrudisha Moi Ikulu, ulikuwa ule wa ndani ya FORD.

Kisha tazama kanuni ya ushindi. Mwaka wa 1992 iliongezwa sharti kwamba rais apate angalau asilimia 25 ya kura katika mikoa 5 kati ya 8. Ni Moi peke yake aliyelitimiza. Kwa sharti kama hilo, kura haihesabiwi kwa wingi tu, huhesabiwa pia kwa mahali ilipopigwa. Kibaki alifanya vizuri sana Mashariki, ambako FORD haikuwa na mizizi. Anayedai kwamba kura zile zingehamia zote kwa Matiba au Jaramogi anadai jambo ambalo hakuna sanduku lililolithibitisha.

Halafu kuna jambo ambalo husahaulika. Kati ya 1992 na 2002 Kibaki alikaa katika chama kilekile. Jaramogi alifariki Januari 1994 na FORD-Kenya ikaanza kugombaniwa. Mwisho wa 1996 mwanawe, Raila Odinga, alitoka na kujiunga na chama cha NDP, na kwa kutii kifungu cha 40 alikiacha kiti cha Lang'ata, akakishinda upya katika uchaguzi mdogo wa 1997. Alifanya kwa uwazi na ujasiri, na anastahili sifa kwa hilo. Wabunge kadhaa wa upinzani walihamia KANU wakiwa na ahadi mifukoni. Machi 2002 NDP yenyewe ilimezwa na KANU. DP iliingia uchaguzi wa 1997 na Kibaki yuleyule, ikamaliza ya pili kwa takriban asilimia 31 dhidi ya 40 za Moi, ikawa upinzani rasmi. Alikwenda mahakamani kupinga matokeo, na mwaka wa 1999 kesi ikatupwa kwa sababu hati hazikukabidhiwa Moi mwenyewe mkononi. Kesi ya Matiba ya 1992 nayo ilikuwa imetupwa kwa sababu mkewe ndiye aliyemtilia sahihi. Miaka 10 ya upinzani bila kuhama, katika siasa ile, ni nadra.

Ninachokiona kigumu kumtetea ni kilichofuata. Muungano wa NARC wa Oktoba 2002 uliwekwa juu ya mkataba kati ya NAK, kundi la Kibaki na DP yake, na LDP, chama cha Raila na wenzake waliotoka KANU: baraza la mawaziri ligawanywe nusu kwa nusu, na wadhifa wa waziri mkuu uundwe. Raila ndiye aliyesimama Uhuru Park na kusema "Kibaki Tosha". Mkataba haukutekelezwa. Na hapo kifungu cha 40 kikaonyesha udhaifu wake. Kiliangalia karatasi tu: mbunge hakuwa amehama mpaka ajiuzulu chama kilichomdhamini. Kwa hiyo Simeon Nyachae wa FORD-People aliweza kuingia serikalini mwaka wa 2004 bila kupoteza kiti. Mawaziri wa LDP, baada ya baraza kuvunjwa kufuatia kushindwa kwa serikali katika kura ya maoni ya Novemba 2005 kuhusu rasimu ya katiba, waliweza kuongoza upinzani wakiwa bado wabunge wa NARC kwa maandishi. Sheria iliyowafunga mikono wachache wa 1966 sasa haikumfunga mtu yeyote, upande wowote.

Septemba 2007 ikaundwa PNU, chama kipya cha Kibaki, miezi mitatu na kitu kabla ya uchaguzi. Kama unatafuta mahali ambapo vyama vya Kibaki viligawanya kura, ni hapa. Vyama tanzu vilivyomuunga mkono kwa urais viliruhusiwa kusimamisha wagombea wao wa ubunge, mara nyingi katika maeneo yaleyale ambako PNU ilikuwa na mgombea. PNU ikapata wabunge 43, ODM ya Raila 99. KANU, iliyokuwa upande wake, ilipata 14, na Safina 5. Januari 15, 2008, nchi ikiwaka moto kwa matokeo ya urais yaliyopingwa, Bunge lilikutana kumchagua Spika, na Kenneth Marende wa ODM akamshinda Francis ole Kaparo, mgombea wa upande wa Kibaki, kwa kura 105 dhidi ya 101 katika duru ya tatu. Rais aliyeapishwa gizani wiki mbili kabla hakuwa na Bunge. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 katika ghasia zile, na hakuna maelezo ya vyama na vifungu yanayoweza kuupunguza uzito huo.

Katiba ya 2010 iliondoa sharti kwamba rais awe mbunge, ikaruhusu wagombea huru, lakini kanuni ya 1966 ikabaki, sasa ikiwa kifungu cha 103. Machi 2013, kwa mara ya kwanza tangu 1963, orodha ya wabunge haikuwa na jina la Kibaki. Othaya ilimchagua Mary Wambui kwa tiketi ya TNA, chama kilichozinduliwa mwaka uliotangulia.