Betri ya mwanangu imeshika moto

Jana mwanangu kachoma betri. Niko jikoni na wali wangu wa nazi ya kopo (msiniulize), nasikia kicheko sebuleni. Kuchungulia, kaunganisha waya bila taa, moto unawaka kwenye skrini, naye hana habari. Akabonyeza, betri ikarudi nzima. Akaanza tena, mara ya saba sijui ya nane.

Mimi fizikia nimeisomea Mombasa: ammita (kipima mkondo wa umeme) moja, wanafunzi zaidi ya arobaini. Mwalimu ndiye aliyeishika, sisi wa nyuma tukasoma mgongo wake. Ukivunja kitu, mzazi aitwe alipe. Siku ya praktikali ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, mkono ulinitetemeka, na jibu nilikuwa nalijua!

Haya, mshaanza: huyu kakanyaga Minnesota, Marekani, juzi, leo atufundisha. Ati mtoto wa skrini hata waya hajui kuushika. Basi sikizeni. Programu hiyo anayochezea mwanangu ni PhET, ya majaribio ya sayansi kwenye skrini, ilianzishwa mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Colorado. Mwaka 2005 watafiti wa huko walichapisha matokeo: wanafunzi waliojifunza umeme kwa skrini, walipopewa waya na taa za kweli, waliunganisha na kueleza vizuri kuwashinda waliovishika vifaa tangu mwanzo. Kwenye skrini elektroni unaziona zikitembea. Waya wa kweli umenyamaza tu.

Tena ni ya bure, na ukishaipakua haitaki intaneti, kwa hivyo hadithi ya bando sitaki. Stima ikipotea, sawa, hapo mmenishinda.

Na sisemi huku wana akili kutuzidi. Vijana wa Majengo kule Mombasa wanafufua simu zilizotumbukia baharini, nani aliwafundisha? Waliachiwa waharibu. Kinachonichoma ni hiki: nilipokuja likizo nilipita shule yangu ya zamani, kompyuta zipo. Zimefunikwa vitambaa, mlango una kufuli, funguo anazo mtu mmoja, naye yuko semina. Ammita ile ile, imebadili shati.

Nikamtumia dadangu wa Kisauni hiyo programu, mwanawe yuko sekondari. Akanijibu kwa sauti, taratibu, kama anayembembeleza mgonjwa: "Ahsante mamangu. Lakini simu yenyewe ni ya babake. Akiiharibu, tutanunua na nini?"