Zao nukta si fomyula mbili za kukariri

Notsi nyingi za vekta zinazotolewa kopi kwenye stesheneri za karibu na shule hapa Dodoma zina ukurasa unaofanana: fomyula mbili za zao nukta (dot product), yaani namba inayopatikana kwa kuzidisha vekta mbili, ndani ya viboksi viwili. Cha kwanza, a·b = |a||b|cos θ, ambapo θ ni pembe kati ya vekta hizo. Cha pili, a·b = a₁b₁ + a₂b₂. Halafu mifano inaanza. Kwa nini kuzidisha ukubwa wa vekta kwa kosaini ya pembe kulete jibu lile lile na kuzidisha viwianishi kisha kujumlisha? Kimya. Huko ni kumdhulumu mwanafunzi, na inauma zaidi kwa kuwa uthibitisho wake haujazi hata nusu ukurasa, na unatumia kanuni aliyokwisha kuisoma kidato cha nne.

Chora a na b zikianzia nukta moja. Unganisha ncha zake; upande huo wa tatu ni a − b. Sasa lete kanuni ya kosaini:

|a − b|² = |a|² + |b|² − 2|a||b|cos θ

Upande wa kushoto uandike kwa viwianishi: (a₁ − b₁)² + (a₂ − b₂)². Fungua mabano, upange, upate |a|² + |b|² − 2(a₁b₁ + a₂b₂). Ondoa yanayofanana pande zote mbili, gawanya kwa −2, na viboksi viwili vinakuwa kimoja. Kazi ya dakika chache ubaoni!

Nakubali, silabasi ni ndefu na mtihani wa NECTA haumsubiri mtu. Kwa kukokotoa tu, kiboksi cha pili kinatosha. Lakini kinatosha mpaka pale jibu linapokosewa, maana aliyekariri hana cha kulipimia.

Chukua a = (3, 4) na b = (5, −12). Zao ni 3×5 + 4×(−12) = 15 − 48 = −33. Ukubwa wa a ni 5, wa b ni 13. Kwa hiyo cos θ = −33/65, na θ ni takriban nyuzi 120.5. Aliyesahau ile alama ya kutoa anapata 63/65, yaani nyuzi 14.3, na anaendelea na swali linalofuata bila wasiwasi. Mchoro mdogo tu ungemzuia: a imepanda nyuzi 53.1 juu ya mhimili wa x, b imeshuka nyuzi 67.4 chini yake. Jumla ni 120.5. Zao hasi maana yake pembe imezidi nyuzi 90. Zao chanya, haijafika 90. Sifuri, vekta zimekatana kwa pembe mraba. Hilo lilipaswa kuwa sentensi ya kwanza kwenye notsi.

Wengine huandika jibu kuwa (15, −48). Hapana, jumlisha: zao nukta ni namba moja, si vekta. Na kikokotoo kikiwa kwenye radiani kitakupa 2.10, usiandike nyuzi 2.

Kuna jambo jingine linalorukwa kabisa, nalo ndilo linaloipa hesabu hii kazi nje ya darasa: kivuli cha vekta moja juu ya nyingine. Tuseme mwendesha baiskeli anatoka mjini kuelekea upande wa Chamwino, na kipande cha barabara kinampeleka kilomita 4 mashariki na 3 kusini: d = (4, −3). Upepo wa kiangazi unavuma kuelekea magharibi kwa kilomita 10 kwa saa na kaskazini kwa 5: w = (−10, 5). Zao ni −40 − 15 = −55. Gawanya kwa |d|, yaani 5, upate −11. Upepo unamrudisha nyuma kwa kilomita 11 kwa saa. Hapa unagawanya kwa ukubwa wa vekta moja tu, ile ya njia. Ukitafuta pembe ndipo unagawanya kwa zote mbili. Wanaochanganya mambo haya mawili ni wengi, na siwalaumu, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha tofauti.

Kosa la mwisho linatokea kwenye pembetatu. Ukiulizwa pembe iliyopo B, vekta zote mbili lazima ziondoke B. Weka A(0, 0), B(4, 0), C(7, 3). Ukitumia AB = (4, 0) na BC = (3, 3), zao ni 12 na unapata nyuzi 45, ambayo ni pembe ya nje. Geuza ya kwanza iwe BA = (−4, 0): zao linakuwa −12, na pembe ya B ni nyuzi 135.