Yule Mtoto Hakuniokoa, Alinishika Mkono Tu

Sasa kwa vile voisi ya rafiki yangu wa Kisumu imeshatembea, imetoka kwenye grupu la Waswahili wa Missouri imevuka bahari mpaka Mwanza kwa bi mkubwa, na jana bi mkubwa kanipigia alfajiri kuniuliza "we mwanangu, eti umezama kwenye mto wa magotini?", naona bora niseme mwenyewe kilichotokea siku tulipokwenda kuvua samaki Bennett Spring, hifadhi ya huku Missouri, kabla haijafika kwa wakwe.

Maji hayakuwa ya magotini, yalikuwa ya mapajani. Na Bennett Spring si mfereji jamani, ile chemchemi inatoa zaidi ya galoni milioni 100 kwa siku, tena maji ya baridi, kama nyuzi 14, iwe jua iwe theluji. Na huyo anayetajwa kwenye voisi kama "mtoto aliyemuokoa" alikuwa na miaka kumi na mbili hivi, mabega anayo, kwa hiyo tuheshimiane.

Ilikuwa hivi. Jamaa huyo wa Kisumu kaniambia Jumamosi twende tukavue trauti, samaki wa maji baridi, nikacheka. Mimi nimekulia ziwani, sato na sangara nimewala kabla sijaota meno, leo nikahangaike na samaki wa bustani? Maana wale samaki wanafugwa palepale ndani ya hifadhi, usiku wanamwagwa mtoni kwa kukadiria idadi ya watu watakaokuja kesho yake. Nikajua hapo ni kuinama na kuokota. Unanunua tagi ya siku, unaivaa ionekane, mwisho wako samaki wanne, kazi imeisha. Kumbe sehemu ya juu tuliyokwenda chambo hairuhusiwi, hakuna minyoo wala dagaa, ni nzi wa bandia tu, kimanyoya kimefungwa kwenye ndoano ambayo bila miwani huioni.

Asubuhi watu wamejipanga bega kwa bega wanasubiri king'ora. Ndiyo, kuna king'ora, usinibishie. Kikalia, mishipi yote ikaruka hewani kwa pamoja, ikapendeza kweli, isipokuwa wa kwangu ambao ulikwenda mtini. Halafu ukaja kwenye kofia yangu. Halafu mtini tena. Uvuvi ule uzito hauko kwenye ndoano, uko kwenye mshipi wenyewe, unautupa nyuma, unasubiri unyooke, ndipo unauleta mbele, na mimi kusubiri ndiyo kitu sijajaliwa (mke wangu asi-like hapa).

Kulia kwangu kulikuwa na mzee mmoja wa kizungu, mstaarabu balaa. Wanne wake alishawamaliza zamani, kawatunga kwenye kamba, kamba kaining'iniza kiunoni, samaki wako hai wanaelea nyuma yake. Alikuwa na haki ya kwenda zake nyumbani kunywa kahawa. Hakwenda. Alibaki ndani ya maji yale ili anifundishe mimi. Shikeni hilo kwanza.

Mzee ananiambia taratibu kijana, subiri, haya sasa. Nikatupa. Mshipi ukanyooka, nzi wangu akatua juu ya maji bila hata kurusha tone, nikamgeukia mzee nimsikie atasemaje, na hapo hapo mkono ukavutwa. Samaki! Wadau, ule mvuto ukiupata unasahau unaitwa nani. Nikarudi nyuma hatua moja.

Ile hatua ndiyo nataka muielewe. Vile viatu vyenye soli za felti, kama sufu iliyoshindiliwa, vinavyong'ang'ania mawe vimepigwa marufuku kule toka 2012, eti vinahamisha mwani mbaya kutoka mto hadi mto. Sawa, sheria ni sheria, tumevaa soli za mpira. Kisigino cha kulia kikatua juu ya jiwe, jiwe lina utelezi wake, kisigino kikasema mimi nakwenda huku. Mguu wa kushoto ukabaki ulipokuwa. Nikawa napanuka, yaani napanuka polepole, nina muda wa kuwaza kabisa, nawaza fimbo hii ya kuvulia ni ya kuazima, nawaza simu iko mfuko wa kifuani, nauona mdomo wa jamaa yangu kule ng'ambo unaanza kufunguka na mkono wake unakwenda kwenye simu YAKE. Mkono wangu mmoja uko juu na fimbo, ule mwingine unatafuta chochote duniani cha kushika. Ukapata kamba.

Kamba ikakatika kiunoni kwa mzee. Tka.

Nikakaa. Ovaroli langu la mpira mkanda sikuufunga, ulikuwa unanibana kitambi, basi maji yakaingilia kifuani, yakapita kitovuni, yakashuka mpaka kunako nisikokutaja, na hewa yote ikakimbilia miguuni. Miguu ikaelea. Kwa hiyo mtu wa Ziwa Victoria yuko chali katikati ya mto, buti zinatazama mbingu, fimbo iko juu (fimbo sikuiachia, andikeni hilo), na mbele yangu nawaona samaki wanne wa mzee wameshika njia pamoja, wanakokota kamba yao kama ng'ombe wa plau, wanaelekea mto Niangua, yanakomwagikia maji ya chemchemi.

Nikapiga kelele. Kwa Kisukuma. Sijui nilimwita nani.

Hapo ndipo yule mtoto wa miaka kumi na mbili akanishika mkono, akaniambia kwa upole kabisa, "Shusha miguu tu, bwana." Nikashusha. Nikasimama. Maji mapajani.

Mengine ya kawaida tu. Dada mmoja kule chini akaudaka ule mtungo kwa wavu, wote wanne wazima, akaunyanyua juu akauliza nani kapoteza samaki, na mto mzima ukaninyooshea kidole mimi badala ya mzee. Mzee kapokea samaki wake, kacheka, kaenda zake. Samaki wangu aliondoka na nzi. Na ile habari kwamba nilipovua ovaroli trauti alichomoka mguuni ni uongo wa Kisumu, lilitoka jani.

Jamaa alipata wanne wake, kanipa mmoja kwa masimango, nimemkaanga, mtamu, ila sato ni sato.

Ovaroli nauza, saizi XL, limevaliwa asubuhi moja. Halivuji hata kidogo, nina uhakika, maana maji yaliyoingia Jumamosi mengine bado yamo.