Simu ya mzazi inashikwa na nani?

Programu nyingi za simu zinazobuniwa kwa ajili ya waliojifungua humpokea mtumiaji kwa maneno "Karibu, mama mpya". Mtoto wa Kiswahili akisikia "mama mpya" anajua baba kaoa tena. Aliyejifungua sisi tunamwita mzazi, na siku hizo yuko ndani ya arobaini yake.

Ingekuwa kosa la tafsiri peke yake ningelipuuza. Ila linaonyesha kwamba aliyeliandika hajawahi kukaa chumba kimoja na mzazi. Angekaa, angeona kwamba mikono ya mwanamke yule haina nafasi ya kubonyeza chochote, na kwamba mengi anaamuliwa: na mama yake, mama mkwe, au shangazi anayekuja kumkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Na simu janja, kama nyumba inayo, mara nyingi imetoka na mume kazini.

Je, kuna haja ya programu basi? Wanaoitetea wana hoja nzito. Mzazi aliyejifungua salama anaweza kuruhusiwa kesho yake, akarudi nyumbani na kadi ya kliniki na maelezo aliyopewa akiwa hoi kwa usingizi na maumivu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2022, linataka aonwe ndani ya saa 24 za kwanza, tena kati ya saa 48 na 72, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya sita. Katikati ya tarehe hizo yuko peke yake na maswali yake. Damu hii ni ya kawaida? Mbona mtoto hanyonyi tangu alfajiri? Kichwa kinauma na macho yanaona ukungu, je, ni uchovu au ni kifafa cha mimba, ambacho huweza kumkuta mtu hata baada ya kujifungua? Simu iko karibu kuliko zahanati.

Ushahidi tunao hapa hapa. Mwaka 2009 ulianza Zanzibar utafiti ulioitwa Wired Mothers, katika vituo 24 vya afya ya msingi. Wajawazito 2,550 waliandikishwa kliniki na kufuatiliwa hadi siku ya 42 baada ya kujifungua. Wa kundi moja walitumiwa meseji na kupewa vocha za kumpigia mhudumu wa afya. Wa kundi la pili walipata huduma ya kawaida ya kliniki. Katika kundi la simu, asilimia 60 walijifungua mikononi mwa mtaalamu, dhidi ya 47 kwa wenzao. Watoto waliozaliwa wafu au kufa ndani ya wiki ya kwanza walikuwa 19 kwa kila vizazi 1,000, dhidi ya 36.

Hizo si namba za kubeza. Lakini ukitenganisha mjini na shamba, ongezeko la kujifungua kwa mtaalamu lilikuwa la mjini; kwa wanawake wa shamba halikuonekana. Na hao walitumia meseji, kitu kinachofika hadi kwenye kiswaswadu. Sasa fikiria programu ya kupakua, yenye picha na video, inayodai bando na simu ya kioo. Itamfikia kwanza mwanamke wa Mikocheni, Dar es Salaam, ambaye tayari ana namba ya daktari wake.

Watetezi watajibu kwamba meseji ina mipaka yake, na ni kweli. Huwezi kumwonyesha mtu kwa herufi 160 jinsi ya kumweka mtoto titini. Video ya dakika moja inaweza. Na wenye simu janja tayari wanauliza, ila wanauliza kwenye makundi ya WhatsApp, ambako ushauri wa kumpa kichanga maji ya sukari husambaa kuliko wa mkunga. Kuwaachia uwanja huo wapotoshaji kwa sababu tu wa kijijini hawana bando si haki pia.

Kwangu mimi jambo la kuangalia ni vocha ile ya Zanzibar. Meseji ilimkumbusha mwanamke. Vocha ilimpa njia ya kuuliza. Huduma ya meseji ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza Tanzania mwaka 2012, ilimtaka mtu atume neno MTOTO kwenda 15001, kisha vikumbusho vya bure vikamfuata wiki hadi wiki. Kazi nzuri, ila kikumbusho huongea kisikusikie. Kenya, shirika la Jacaranda Health limekwenda hatua nyingine na huduma yake ya PROMPTS: mama anauliza kwa meseji ya kawaida, mashine inachambua maswali, na yenye dalili za hatari yanapelekwa mbele kwa wahudumu wa dawati la msaada. Akili bandia iko nyuma ya pazia ikipanga foleni. Hapo ndipo mahali pake.

Na jibu likiwa "nenda hospitali sasa hivi", saa nane usiku, anakwenda na nini? Tanzania tuna m-mama, huduma ya usafiri wa dharura, kwa namba 115 ya bure. Anayepokea hutafuta gari la wagonjwa, na lisipokuwepo huita dereva wa jamii aliyesajiliwa, kwa wajawazito, wazazi na vichanga. Programu isiyo na kitufe kimoja kikubwa cha kupiga 115, hata bando likiwa limekwisha, ningeirudisha kwa fundi wake.

Kuhusu wazee, wabunifu huwa na haraka ya kukemea. Uji wa pilipili manga haumdhuru mzazi. Kitu kinachopakwa kwenye kitovu cha mtoto kinaweza kumuua. Ukivitupa vyote kapu moja la "mila potofu", bibi ataizima simu, na bibi ndiye mlinzi wa mlango. Afadhali ujumbe wa sauti unaoanza kwa "Shikamoo bibi", umweleze dalili za hatari yeye mwenyewe, kwa kuwa ndiye atakayeziona kwanza.

Hapa nakiri mvutano ambao sijaumaliza. Ukimkaribisha bibi na mume kwenye simu, unamnyang'anya mzazi siri yake. Mwanamke mwenye sonona baada ya kujifungua, au anayepigwa, au anayeuliza kuhusu uzazi wa mpango, hawezi kuandika penye macho ya wote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazibana taasisi. Haimzuii mume kusoma meseji. Angalau maswali ya namna hiyo yapokelewe kwa sauti, na yasiache maandishi kwenye simu.

Kuna jambo moja zaidi, na ningetaka liulizwe kabla ya rangi na nembo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba Tanzania, kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hufariki kabla ya kufikisha mwezi. Mama wa mmoja wao ataamka wiki ya tatu akute ujumbe: "Hongera! Leo mwanao anaanza kukutambua sura." MomConnect, huduma ya meseji kwa wajawazito na wazazi ya Afrika Kusini, iliweka njia ya aliyefiwa kuondolewa kwenye orodha na kutumiwa ujumbe wa faraja badala yake. Kwenye programu yako, kitufe hicho kiko wapi, na nani atakibonyeza kwa niaba ya mwanamke aliyelala ameufunika uso kwa khanga?