Lami Nzuri ya Texas Inaua

Mgeni akitua Houston kutoka Nairobi au Bukavu, hata kabla hajafika kwa mwenyeji wake ameshaanza kusifu barabara. Lami haina shimo, mistari imekolea, kila gari liko kwenye laini yake, na Katy Freeway kuna sehemu ina laini 26 ukijumlisha na zile za pembeni. Anapiga picha, anatuma nyumbani. Sifa hizo ndizo zinazonitia hofu. Texas haijapitisha hata siku moja bila mtu kufa barabarani tangu tarehe 7 Novemba 2000, siku Wamarekani walipokuwa wakichagua kati ya Al Gore na George W. Bush, ambaye wakati huo alikuwa gavana wa jimbo hili. Mtoto aliyezaliwa kesho yake ni mtu mzima sasa, na hajaona siku ambayo barabara za kwao hazikuua.

Miaka ya karibuni vifo vinapita 4,000 kila mwaka. Wakenya wataitambua hesabu hiyo, maana hata NTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya kwao, hutangaza vifo zaidi ya 4,000 kwa mwaka, ingawa Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba vya Kenya ni vingi kuliko vinavyoandikwa. Sawa. Lakini Texas ina watu wapatao milioni 30, Kenya ina zaidi ya milioni 50. Texas ina ambulensi zinazofika upesi, helikopta za kubeba majeruhi, na magari yenye mifuko ya hewa. Pamoja na hayo yote, bado maelfu. Hatuwezi kusingizia mashimo wala matatu mbovu hapa.

Ajali ikitokea, askari hujaza fomu iitwayo CR-3, na humo huandika sababu zilizochangia. Alishindwa kudhibiti mwendo. Hakuwa makini. Alikuwa amechoka au amesinzia. Mtembea kwa miguu hakupisha gari. Fomu inauliza pia kama kulikuwa na giza, mvua, au lami iliyolowa. Haiulizi kwa nini mtu huyo alivukia pale, au kivuko cha karibu kiko mbali kiasi gani, au nani aliamua kwamba mtaa wenye nyumba za kupanga pande zote uruhusiwe mwendo wa barabara kuu. Kwa hiyo takwimu zikijumlishwa mwisho wa mwaka, zinatoka zikiwa na jibu moja tu: dereva. Halafu Idara ya Uchukuzi, TxDOT, inaweka mabango ya kumsihi dereva.

Simtetei dereva. Karibu nusu ya wanaokufa ndani ya magari hawakufunga mkanda, na huo ni uzembe usio na kisingizio, hasa kwetu wahamiaji tunaoamini mkanda ni wa viti vya mbele. Sheria ya Texas inadai mkanda kwa watu wazima waliokaa nyuma pia, tangu mwaka 2009. Ulevi nao una sehemu yake, robo ya vifo au zaidi. Ninachokataa ni kuishia hapo, kama kwamba madereva wa Texas walizaliwa na roho mbaya kuliko wengine.

Tazama mwendo. Kati ya Austin na Seguin kuna barabara ya kulipia, SH 130, iliyofunguliwa mwaka 2012, ambayo kibao chake kinasema maili 85 kwa saa. Hiyo ni kama kilomita 137, na hakuna kibao kingine Marekani nzima kinachoruhusu zaidi ya hapo. Jimbo ndilo lililokiweka. Gari likienda kasi mara mbili, nguvu yake ya kugonga ni mara nne, na mwili wa binadamu haujabadilika tangu enzi za punda. Mtu aliyezoea maili 80 huko nje hapunguzi kwa hiari akiingia mjini kwenye barabara pana, iliyonyooka, yenye laini tatu kila upande. Barabara yenyewe inamwambia akanyage.

Karibu na ninapoishi iko barabara ya namna hiyo. Makazi yako upande huu, kituo cha basi na duka la vyakula viko upande ule. Taa yenye kivuko iko mbali kiasi kwamba mama mwenye mtoto mgongoni na mifuko miwili mkononi haendi mpaka kule na kurudi, anavuka papo hapo. Anasimama katikati, kwenye ukanda mwembamba wa zege, magari yakimpita mbele na nyuma, anasubiri mwanya. Usiku hapo pana giza, na wengi wa wanaogongwa wakitembea hugongwa usiku. Akigongwa, fomu itasema hakupisha gari. Mwaka 2022 watembea kwa miguu waliouawa Texas walipita 800.

Na anachogongwa nacho siku hizi si gari dogo. Texas ni nchi ya pikapu, na pikapu za sasa boneti yake inamfikia mtu mzima kifuani. Taasisi ya usalama barabarani ya IIHS, inayofadhiliwa na kampuni za bima, ilichapisha utafiti mwaka 2023 ikaonyesha kwamba magari yenye boneti ya juu kupita inchi 40 yana uwezekano wa takriban asilimia 45 zaidi wa kumuua anayegongwa, yakilinganishwa na yenye boneti fupi iliyoinama. Gari dogo hukuvunja miguu na kukutupa juu ya boneti. Pikapu inakupiga kifua na kichwa, kisha inakulaza chini yake.

Sasa njoo kwenye sheria, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Miji ya Texas imekatazwa kutumia kamera za kunasa mwendo kasi. Kamera za kunasa wanaopita taa nyekundu zilikuwepo, gavana Greg Abbott akatia saini sheria ya kuzipiga marufuku mwaka 2019. Sisi tuliozoea alcoblow, kile kipimo cha pombe cha polisi, Thika Road kule Nairobi tunashangaa kusikia kwamba polisi wa hapa hawaweki vizuizi vya kupima ulevi: mwaka 1994 mahakama ya juu ya jinai ya jimbo ilisema haviwezi kuwekwa bila utaratibu ulioidhinishwa ngazi ya jimbo, na utaratibu huo haujatungwa mpaka leo. Sheria ya jimbo zima ya kukataza kuandika meseji ukiendesha haikuwepo hadi Septemba 2017, baada ya gavana Rick Perry kuukataa mswada kama huo mwaka 2011, na hata sasa faini ya kosa la kwanza haizidi dola 99.

Mwaka huo huo wa 2019, tume ya uchukuzi ya jimbo ilijiwekea lengo la kupunguza vifo kwa nusu ifikapo 2035 na kuvimaliza ifikapo 2050. Utavimalizaje ukiwa umeshajifunga mikono? Bunge la Austin hukaa siku 140 tu, miaka isiyogawanyika kwa mbili. Mwenye uraia ana mwakilishi wake kule. Amuulize kuhusu kamera, kuhusu vizuizi, kuhusu vivuko na taa za mitaani, na asikubali kujibiwa kwa habari za uhuru wa dereva. Kenya mwaka 2004 waziri John Michuki aliziwekea matatu vidhibiti mwendo vya kilomita 80 na mikanda, wenye magari wakapiga kelele, naye hakurudi nyuma.

Kuna sababu moja ambayo fomu inaitaja na bado inaikosa, nayo inatuhusu sisi kuliko wengi. Ni usingizi. Hakuna kipimo cha kumpulizisha aliyesinzia, na aliyekufa hawezi kusema kwamba alifumba macho. Wengi wetu tunalea wazee, tunafanya kazi hospitalini na kwenye maghala. Mtu anaingia saa moja jioni, anatoka saa moja asubuhi, anaombwa aongeze zamu, anakubali kwa sababu kuna karo nyumbani. Akishika usukani amekesha saa 24, na utafiti umeonyesha kwamba mtu wa namna hiyo anaendesha kama mwenye kiwango cha pombe cha 0.10 kwenye damu. Sheria ya Texas inakukamata kwa 0.08. Kufungua dirisha hakusaidii, wala kuongeza sauti ya redio.

Halafu mmoja wetu akifa, bango linatumwa kwenye kundi la WhatsApp: picha ya marehemu akitabasamu, kiasi kinachohitajika kusafirisha mwili, namba ya kutuma mchango. Tunachanga, tunaambiana ajali haina kinga. Mimi sikubali. Makundi hayo hayo, yanayoweza kukusanya maelfu ya dola kwa wiki moja, yanaweza kupanga Jumapili jioni nani anatoka zamu wapi wiki hiyo, saa ngapi, na nani aliyelala usiku atakwenda kumchukua.