Nani kawaambia Dodoma kuna theluji?

Mwaka juzi mwezi wa kumi nilinunua tairi nne za mtumba hapa hapa mjini na siku ile nilijiona mjanja kweli kweli. Premio yangu inavaa 195/65 ringi 15, zile za zamani zilikuwa zimeshakuwa vipara, yaani trafiki akiinama tu kuangalia chini mi nishaanza kutafuta maneno. Mpya za Mchina niliulizia nikaambiwa laki 1 na 60 tairi moja, nikapiga hesabu mara nne nikajikuta natembea tu kuelekea kwenye mitumba.

Huko nikamkuta jamaa kazipanga tairi za Japani, kazipaka ile dawa zinang'aa kama buti la mwanajeshi siku ya gwaride, kashata (vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara) zimesimama, mitaro mirefu, bei elfu 80 tairi moja. "Mheshimiwa hizi hazijatembea, angalia mwenyewe." (Kwa msiokaa Dodoma, huku tangu serikali ihamie kila aliyechomekea shati ni mheshimiwa, hata kama umetoka zako shamba.) Nikaangalia mwenyewe, kweli mpira bado upo mwingi, nikabinya kwa dole gumba ukabonyea laini kabisa, na mi akilini mwangu laini = freshi, gumu = limezeeka. Nikalipa. Fundi akafunga zote nne chini ya mti, dakika 40 hivi, nikaondoka napiga mluzi.

Wiki ya kwanza tu nikaanza kuona mambo. Barabara ya kwenda Mtumba (kule kwenye mji wa serikali, sio mitumbani) ni mkeka, unajua ilivyo, ukifika 90 au 100 gari yangu ikawa kama inaogelea, unakata usukani kidogo inafikiria kwanza halafu ndo inafuata, kama umepanda godoro. Nikapeleka alaimenti. Nikarudisha tena alaimenti. Fundi mwingine akasema bushi, nikabadilisha bushi. Wa tatu akasema dawa ni kujaza upepo mwingi ili tairi zikaze, akajaza 45 zote, gari ikawa inaogelea NA inarukaruka. Hela niliyotumia pale ukijumlisha na ile elfu 80 mara nne, ningeshavaa mpya muda mrefu.

Mwezi wa kwanza ndo nikapata jibu lenyewe. Natoka Morogoro nimeshapita Gairo, mvua inanyesha ile ya kawaida tu sio ya gharika, kabla sijafika Kibaigwa ng'ombe wakaanza kuvuka barabara, na ng'ombe wa huku mnawafahamu, hawana haraka na mtu. Nikakanyaga breki mapema, sikuwa mbali hata kidogo, lakini gari ikaendelea kwenda. Nimekanyaga mpaka chini mguu unatetemeka, gari inateleza polepole kwa adabu kabisa kuelekea kwenye ng'ombe. Ikasimama hatua mbili tatu kutoka kwa dume moja lililogeuka likanitazama. Yule kijana mchungaji akanifuata dirishani, badala ya kunitukana akanipa pole, nikajisikia vibaya zaidi.

Kufika nyumbani nikaloanisha kitambaa nikafuta ubavu wa tairi nisome kilichoandikwa, kitu ambacho ningefanya siku ya kununua. Nikakuta kamchoro kadogo ka mlima wenye vilele vitatu na ndani yake kama nyota. Nikapiga picha nikamtumia mdogo wangu, yeye anasoma Tampere kule Finland, nikamuuliza hii nini. Akanirudishia voice note ya dakika mbili, na dakika moja nzima ni kicheko. "Kaka hiyo sio nyota, hiyo ni theluji. Umevaa tairi za barafu Dodoma!"

Akanieleza kwamba kule Finland kila mwenye gari ana seti mbili za tairi, za kiangazi na za baridi, anabadilisha mara mbili kwa mwaka. Sheria yao inasema kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka mwisho wa mwezi wa tatu, hali ya hewa au barabara ikidai, lazima uvae za baridi, na ziwe zimebaki angalau milimita 3 za mitaro. Wafini ndo wanajivunia mambo haya maana tairi yao ya Hakkapeliitta ipo toka mwaka 1936. Tofauti yenyewe ipo kwenye mpira. Tairi la kawaida baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi linakuwa gumu kama kandambili za zamani, halishiki. Kwa hiyo la baridi wanalichanganyia mpira laini ambao hata kwenye barafu unabaki unabonyea, halafu juu ya kila kashata wanachana vimikato vyembamba vya zigizaga, vinafunguka na kung'ata theluji.

Sasa weka mpira huo kwenye lami ya Dodoma mwezi wa kumi au wa kumi na moja, saa nane mchana, lami ambayo mtoto akivua ndala anarukaruka. Huku hata Julai usiku tukishika makoti na kulalamika, inacheza kwenye 13 au 14 hivi. Nyuzi 7 tunazisikia kwa watu wa Njombe na Makete, na hata wao wakiamka sakitu (umande ulioganda) imetanda shambani, saa nne ikifika jua limewaka. Kwa hiyo tairi ambalo lilishakuwa laini kwenye barafu, huku linakuwa kama ubani wa kutafuna. Ndo maana usukani unaogelea, ndo maana breki inachelewa iwe kavu iwe mvua, na ndo maana linaisha haraka mpaka unahisi kuna mtu anakuja usiku kulipiga msasa.

Swali lililonisumbua mimi ni kwa nini linakuja likiwa zuri vile? Mtu wa Japani ana akili gani atupe tairi lenye mpira wote ule? Hapa nimesoma sana na nadhani hapa ndo tunapopigwa bila hata aliyetupiga kujua. Zamani Japani sehemu za theluji walikuwa wanavaa tairi zenye misumari. Misumari ikawa inachimba lami ikikauka, vumbi likatanda mijini, watu wanakohoa, mpaka mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuzikomesha. Ndo zikashika hizi za bila misumari, na ndo maana ya lile neno STUDLESS ambalo utalikuta limechongwa ubavuni. (Wenzetu walikimbia vumbi, tairi zikaja kuishia kwenye vumbi la Nkuhungu, dunia hii.) Sasa tairi hizi zina alama ndani ya mitaro inayoonyesha zimefika nusu. Zikifika nusu, kwenye theluji hazifai tena, mwenyewe anazivua. Lakini nusu ya tairi la theluji ni kashata ndefu kuliko tairi la kawaida lililotembea sana! Kwa macho yetu sisi tuliozoea kusubiri mpaka waya uonekane, hiyo ni tairi mpya. Halafu lilikuwa linafanya kazi miezi michache tu kwa mwaka, iliyobaki limelala stoo, kwa hiyo umri unaenda ila kashata haziishi. Tairi langu mimi lilikuwa na namba nne mwishoni mwa ile DOT (mstari wa herufi na namba za kiwanda ubavuni), 3814, maana yake wiki ya 38 mwaka 2014. "Hazijatembea" alisema kweli yule jamaa, hazijatembea ila zimezeeka, na mpira unazeeka hata ukiwa umekaa tu.

Kwa hiyo msimamo wangu, na najua kuna watu watabisha: ukiwa Dodoma, tairi jipya la bei ya chini la Mchina ni bora kuliko la theluji la mtumba hata liwe limetoka kiwanda gani kikubwa. Sisemi la Mchina ni zuri kuliko yote, nasema limetengenezwa kwa ajili ya joto. Sisi tunanunua jina na urefu wa kashata. Kashata ndefu ndo kishawishi kikubwa, tunaiangalia kama mtu anayenunua kuku kwa kuangalia manyoya.

Na kama hela ndo hiyo hiyo na mtumba hauepukiki (naelewa, nimekaa huko) basi usiwe na aibu ya kuinama na kitambaa chako. Futa ile dawa ya kung'arisha. Tafuta kale kamlima na theluji, tafuta STUDLESS, angalia kama juu ya kashata kuna vile vimikato vya zigizaga vingi vimejaa kila mahali kama vile mtu kapitisha wembe, hivyo hawezi kuvificha. Herufi ya mwisho baada ya saizi nayo inasema, za theluji za Japani nyingi zina Q, yaani mwisho wake spidi 160, wakati za kawaida saizi yangu utakuta H au S. Halafu zile namba nne za DOT. Muuzaji akianza kununa, nuna na wewe uondoke. Na uwe macho na zile za kuchonga, kuna watu wanachukua kipara wanakichora mitaro upya kwa kisu cha moto, hiyo sasa sio kuuziana tairi ni kuuziana jeneza.

Kuna fundi mmoja Mgogo mtu mzima, heshima yake kubwa, ukimpa salamu ya kwao "mbukwenyi" anacheka mpaka jino la mwisho, yeye tulibishana sana. Anasema tairi za theluji nzuri kwenye tope, watu wa Bahi na vijijini Kongwa wanazitafuta. Simpingi moja kwa moja, kashata ndefu zilizoachana kwenye tope laini zinasaidia kidogo, ila babu, mi naenda Mtumba kazini kwenye lami siku tano kwa wiki na tope nakutana nalo mara mbili kwa mwaka! Na wenye Prado msishtuke mkikuta M+S kwenye tairi zenu, hiyo ni tope na theluji kwa maandishi tu, tairi nyingi za gari ndefu zinazo hata kama zimetengenezwa kwa joto. Cha kuogopa ni kale kamlima kakikaa pamoja na mpira laini na zigizaga.

Huyo huyo mzee ndo alinifungia mpya nilipojichanga, na alinifundisha vitu ambavyo yule wa chini ya mti alivipuuza. Kumbe moja ya zile tairi zangu za theluji ilikuwa na mshale na neno ROTATION, mshale unatakiwa kuelekea mbele gari ikitembea, langu lilifungwa kinyume miezi yote ile. Nyingine zina OUTSIDE, huo upande unakaa nje, basi, haihitaji chuo. Nati anakaza kwa kurukaruka, ya juu kisha ya upande wa pili, sio kuzunguka kama saa, na akaniambia nirudi nikishatembea kilomita 100 hivi azikaze tena. Upepo anapima asubuhi kabla tairi halijapata moto, anafungua mlango wa dereva anasoma stika, yangu imeandikwa 220 za kPa ambazo kwenye geji yake ya psi ni 32. Nikamwambia kuna mtu alinijazia 45. Akaniangalia tu.

Gari sasa hivi inakaa barabarani, usukani umerudi akili, bushi mpya nazo zipo zinanishangaa.

Zile nne za theluji niliona aibu kumuuzia mtu mwenye gari. Zilikaa nyuma ya nyumba mpaka akapita kijana wa mkokoteni wa punda, wale wanaosambaza maji maji yakikatika mtaani, akaniuliza kama nauza. Nikampa mbili bure na mbili elfu 10 kila moja. Juzi nilikuwa kwenye foleni pale Kizota nikamwona amejaza madumu, punda anatembea mwendo wake ule ule wa kila siku, na tairi zenye kamlima na theluji zinazunguka taratibu kwenye vumbi. Akanipungia mkono, akasema kwa sauti, "Kaka, hizi tairi haziishi!"